Sura ya Tano: Saruji Iliyopanda Mlima

Kufuli halikuvunjwa. Inspekta Rosemène Altidor aliligeuza mkononi, akachungulia tundu la ufunguo, akapitisha kidole kwenye chuma chake. Hapakuwa na mkwaruzo. Aliyeingia ghalani aliingia kwa ufunguo, akatoka, akafunga, kama mtu anayefunga nyumba yake akienda sokoni.

"Nilikwambia," alisema Bwana Fénelon Brézault, aliyesimama nyuma yake na mwavuli uliokunjwa. "Ufunguo ni mmoja na mshika ufunguo ni mmoja. Unachunguza nini tena?"

"Naitafuta saruji, bwana. Mshika ufunguo ninajua aliko."

Alikuwa mahabusu, upande wa pili wa barabara, katika kituo kidogo cha polisi cha Anse-Mirel. Jina lake Ismanie Clervil, mwanamke mwembamba mwenye mtoto wa kunyonya, mtunza ghala wa kamati ya maafa. Shirika la misaada lilikuwa limeleta shehena ya saruji baada ya kimbunga cha mwaka juzi, ikapangwa humu mpaka darini. Sasa sakafu ilikuwa tupu. Ismanie hakukana wala hakukiri. Tangu jana alikuwa hajasema neno ila kuomba aletewe mtoto.

Hakimu angefika leo kutoka mjini, na jioni gari lake lingerudi. Saruji isipoonekana, lingerudi na Ismanie. Kila mtu kwenye pwani ile ya kusini mwa Haiti alijua maana yake: mtu hupelekwa mjini kusubiri kesi, na kesi ikasahau njia ya kumfikia. Mtoto angeacha ziwa, angejifunza kusema, angeanza shule, mama yake akiwa bado anasubiri.

"Lori la Wisler lilionekana hapa Jumatatu alfajiri," Brézault aliendelea. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maafa. Alikuwa pia mwenye ardhi yote kuanzia mdomo wa mto hadi kileleni mwa mlima wa Mòn Tibè, na watu wa mlimani walilima humo kwa kugawana naye mavuno, kama babu zao walivyogawana na babu zake. "Mkamate Wisler. Atamtaja huyo binti, na sisi sote tutakwenda kula."

Rosemène alikuwa amechuchumaa. Mbele ya mlango mkubwa, mahali ambapo lori lingesimama kupakiwa, mchanga ulikuwa safi. Alivuka ghala mpaka mlango mdogo wa nyuma, ule unaotazama njia ya miguu. Hapo, juu ya mawe, aliona vidonge vidogo vya kijivu, vigumu kama sugu. Unga wa saruji ulidondoka, umande ukaugandisha. Alikwangua kimoja kwa ukucha, kisha akaangalia mbele. Kingine. Halafu kingine.

"Wisler anakaa wapi?" aliuliza.

"Ahaa," alisema Brézault.

*

Wisler alikuwa chini ya lori lake, miguu tu ikionekana.

"Kama ni fundi, umechelewa miaka minne," ilisema miguu. "Kama ni polisi, karibu, kivuli kipo."

"Ni polisi. Jumatatu alfajiri ulikuwa unafanya nini karibu na ghala la kamati?"

"Nilikuwa nasukumwa."

"Sema vizuri."

Mwenye miguu akajiburuta nje. Alikuwa mtu mnene, uso umejaa grisi, na mkononi ameshika karanga za kukaanga zilizofungwa ndani ya karatasi iliyoviringwa kama pembe. "Nasukumwa, Inspekta. Mnyama huyu hawaki bila kusukumwa. Waulize vijana wa pale kona, bado wananitukana. Mimi niibe saruji kwa lori hili? Ningekamatwa nikiwa bado naitafuta gia ya kwanza."

"Ulibeba nini?"

"Mkaa. Panda uone."

Alipanda. Alilowesha leso kwa mate, akasugua mbao za sakafu, akasugua na kona ambazo ufagio haufiki. Leso ikatoka nyeusi tii. Hata chembe ya kijivu haikuwamo. Aliposhuka alikuta Wisler amemkunjulia mkono.

"Karanga?"

Rosemène alichukua karanga mbili, kisha akaichukua na karatasi, akamwachia Wisler karanga zake kiganjani.

"Ee, sasa huo ni unyang'anyi!"

Ilikuwa karatasi ngumu ya kahawia. Upande mmoja ulikuwa na nusu ya picha ya jogoo wa buluu. Maduka ya pwani yote yaliuza saruji yenye nanga nyekundu. Jogoo wa buluu alikuja na meli ya misaada tu.

"Nani kakuuzia?"

"Mama mmoja wa Mòn Tibè. Hushuka siku za soko. Karanga zake tamu, kosa lake chumvi nyingi. Nimemtia matatani?"

"Bado sijui."

Alisimama kidogo akiikunja karatasi. Mwizi wa saruji huuza mfuko ukiwa mzima. Huu ulichanwa, ukakung'utwa, ukageuzwa vifungashio vya karanga. Aliyeufungua hakutaka kuuza. Alitaka kujenga, na saruji ikishachanganywa na maji haifichiki: inakuwa ukuta. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta ukuta mpya mahali ambapo, kwa amri ya Brézault, hakuna mpangaji aliyewahi kuruhusiwa kusimamisha hata tofali moja la saruji. Mwenye ukuta wa kudumu, alisema Brézault kila mwaka, kesho atadai na ardhi.

*

Kabla ya kupanda, alipita kituoni. Ismanie alikuwa ameketi kwenye benchi akinyonyesha. Mama mkwe wake, aliyemleta mtoto, alitoka nje bila kuambiwa.

Rosemène aliiweka karatasi ya jogoo juu ya benchi.

Ismanie aliitazama, kisha akamtazama mtoto.

"Najua ilipanda mlimani," alisema Rosemène. "Najua haikupanda kwa lori. Ilibebwa kichwani, na si na mtu mmoja."

Ismanie alimpapasa mtoto kichwani.

"Hakimu anakuja, dada yangu. Nisaidie nikusaidie."

Ismanie akamhamisha mtoto titi la pili. Kisha, kwa mara ya kwanza, akasema. "Inspekta, wewe unapenda kupanda milima?"

"Hata kidogo. Magoti yangu hayataki."

"Basi yasikilize magoti yako."

"Wakikupeleka mjini, mtoto atabaki na nani?"

"Yupo bibi yake." Alimvuta mtoto karibu. "Kabla ya kimbunga cha mwaka juzi alikuwa na babu pia."

*

Njia ilikuwa kali. Sugu za kijivu zilimwongoza mpaka kwenye kijito, zikapotea, zikaonekana tena ng'ambo. Chini, kwenye mdomo wa mto, aliliona jengo la makimbilio, lile ambalo saruji ililetwa kulikarabati: refu, jeupe, na kibao cha shaba ukutani chenye jina la mtoa kiwanja, Fénelon Brézault. Mstari wa matope ulizunguka kuta zake, juu ya madirisha. Rosemène alisimama akautazama mstari ule kwa muda, kisha akaendelea.

Nyumba za Mòn Tibè zilikuwa zimerekebishwa kwa vijiti, udongo na maturubai. Aliipita moja, ya pili, ya tano. Hakuona tofali. Aliufikia ua mkubwa wenye nyumba tatu zinazotazamana, akasimama penye lango la miba.

"Heshima!" aliita, kama mgeni anavyobisha hodi huku.

"Staha!" ilijibiwa kutoka ndani. "Ingia, mwanangu, ingia. Dorcé, mletee mgeni kiti, si hicho, hicho kitamwangusha."

Aliyesema alikuwa Mama Sélitane, mkubwa wa ua ule, mwanamke mkongwe aliyeketi na kikombe cha kahawa. Alimwaga tone chini kwa ajili ya waliotangulia, ndipo akanywa. Mwanawe Dorcé, fundi wa matanga ya mashua na vitanda, alileta kiti na sahani ya shelisheli la kutwangwa lenye mchuzi wa bamia. Rosemène alikuwa na njaa, akala. Alikula huku akiangalia mikono. Viganja vya Dorcé vilikuwa vimepasuka, weupe umeingia kwenye mipasuko. Vya mwanamke aliyekuwa akimenya maharage, vivyo hivyo. Vya Mama Sélitane mwenyewe, vivyo hivyo.

"Mikono imewapata nini?"

"Chokaa," alisema Dorcé haraka. "Tulipaka makaburi."

"Mwezi wa nane? Makaburi hupakwa Novemba, kwa Sikukuu ya Wafu."

"Tuliona tuwahi."

"Wafu wa huku wana bahati," alisema Rosemène. "Wa kwetu husubiri mpaka siku yenyewe, na bado tunachelewa. Naweza kuwasalimu?"

Walitazamana. Mama Sélitane akasema, "Nani amewahi kukatazwa kusalimu wafu?"

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba, kama kila mahali. Manne yalikuwa ya zamani: mafupi, yameota kuvu, mbele yake nta ya mishumaa na madoa ya kahawa ya miaka mingi. Chokaa yake ilikuwa imebabuka. Hakuna aliyeyapaka kitu.

La tano lilikuwa jipya, na lilikuwa kubwa kama chumba cha darasa. Lilichimbiwa nusu kwenye ubavu wa mlima, likaupa upepo wa bahari mgongo. Paa lake la zege lilikuwa nene kuliko urefu wa kiganja chake. Chini ya paa palikuwa na safu ya matundu. Mlangoni palisimamishwa ubao mzito wa mnazi, na juu yake, mahali pa jina, lipu ilikuwa laini, haijaandikwa kitu. Rosemène alipitisha kiganja ukutani. Ubaridi, ulaini, kijivu ileile.

Aliinama chini ya mlango. Hakuna tone la nta, wala doa la kahawa.

"Amezikwa nani humu?"

"Mjomba wangu," alisema Dorcé. "Alifia ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya miwa."

"Shangazi ya mume wangu," alisema mwanamke wa maharage wakati uleule.

"Mapacha," alisema mzee mmoja aliyekuwa ametokea tu, hakuwa amewasikia wenzake.

Rosemène aliitikia kwa kichwa. "Mjomba, shangazi, na mapacha. Lazima wamebanana."

"Ukoo wetu ni mkubwa," alisema Mama Sélitane.

"Na siku ya mazishi, tarumbeta alipiga nani?"

Huku, mtu atauza ng'ombe wake wa mwisho kuliko kumzika ndugu bila bendi, na miaka kumi baadaye mtoto wa jirani atakutajia nani alipiga tarumbeta na nani alipiga ngoma, na nani alilewa. Hapa kulikuwa na kaburi ambalo hakuna aliyeweza kumtaja hata mpiga ngoma wake mmoja.

Rosemène alizunguka nyuma ya jengo kuangalia misingi. Akiwa huko akasikia miguu ikishuka kutoka chemchemi. Alikuwa mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani, ndara zake mkononi. Hakumwona mgeni, wala hakuwatazama wenzake waliokuwa wakimpungia mikono kama watu wanaofukuza nyuki. Alifika mlangoni pa kaburi, akatua ndoo, akapumua, akaita kwa mazoea:

"Heshima!"

Na kutoka ndani ya kaburi sauti changamfu ikajibu:

"Staha! Pita, sakafu imekauka!"

Dorcé alifumba macho. Rosemène alitokeza polepole kwenye kona ya ukuta.

"Naona mjomba anaendelea vizuri," alisema.

Mzee wa mapacha alianza kucheka, akajaribu kukohoa, akashindwa. Kisha mwanamke wa maharage akacheka, kisha mwenye ndoo, mikono mdomoni. Wafu humwagiwa kitu, huambiwa maneno ya chini, huwekewa mshumaa. Heshima huitwa mlangoni pa watu walio hai. Mwanamke huyu alikuwa ameiita kwa sababu mwilini mwake jengo lile lilikuwa tayari ni nyumba.

"Ningeitika nini mimi?" alilia yule aliyejibu kutoka ndani, akijitokeza na ufagio. Alipoona sare ya polisi, alirudi ndani.

"Mfungulieni," alisema Mama Sélitane. "Ameshaingia kwa masikio, na aingie kwa miguu."

*

Ndani kulikuwa na baridi nzuri. Mabenchi ya zege yalizunguka kuta zote. Kwenye kona palipangwa mapipa ya maji, juu yake ndoo zilizofunikwa. Nguzo za katikati zilikuwa zimefungwa nondo, Rosemène aliona ncha moja ikichungulia. Sakafu ilikuwa na mteremko kuelekea mlangoni, ili maji yakiingia yajue njia ya kutoka. Alisimama katikati, akatazama juu, akagonga nguzo kwa kifundo cha kidole.

"Nani alichora?"

"Sisi," alisema Dorcé. "Kila mtu alisema lililomuua wa kwake, tukajenga kinyume chake."

Mama Sélitane alikaa kwenye benchi. "Yale makimbilio ya chini umeyaona, mwanangu. Mwaka juzi walikuja na kipaza sauti: shukeni, shukeni, jengo la serikali ni imara. Ni imara kweli. Halikuanguka. Maji yalikuja yakalijaza tu, na sisi tukiwa ndani. Baba yake Ismanie alimpandisha mjukuu kwenye dari, yeye akabaki chini. Tulipomtoa, mkono wake ulikuwa bado juu."

Mkongwe alipangusa benchi kwa kiganja.

"Baada ya hapo kamati ikaamua kulikarabati. Palepale. Tukasema, jamani, jengeni juu. Bwana Brézault akasema kiwanja kimeshatolewa, kibao kimeshabandikwa, na huku juu hataki tofali la mtu. Tofali hataki. Lakini kaburi? Baba yake aliruhusu makaburi, babu yake aliruhusu makaburi. Hakuna bwana aliyewahi kumwambia mtu usizike."

"Kwa hiyo mkajenga kaburi."

"Ukoo mzima. Nyumba zote za mlimani. Usiku wa mvua, mchana wa soko, kila aliyeshuka na ndizi alipanda na mfuko. Ismanie alikuwa akituachia mlango wa nyuma. Hakuchukua hata kijiko cha saruji. Alisema tu, wahini, mwezi wa tisa unakuja." Mkongwe alimshika mkono Rosemène. "Mwambie hakimu umekosa. Mwambie ilizama baharini. Brézault akilijua hili, atalivunja kabla upepo haujaja."

"Nikisema nimekosa, Ismanie anaondoka na gari la jioni."

"Ndivyo alivyochagua yeye."

"Najua alivyochagua." Rosemène aliitazama safu ya matundu, mwanga ukiingia kama vipande vya karatasi nyeupe. "Kazi niliyopewa ni kutafuta saruji. Nimeiona. Siwezi kusema sijaiona, Mama Sélitane. Siku nitakaposema uongo kwa ajili yenu, kesho yake nitaombwa niseme uongo dhidi yenu, na nitakuwa nimeshajifunza."

Alitoka nje, akampigia hakimu simu. "Njoo Mòn Tibè," alisema. "Uje na Bwana Brézault. Na uvae viatu vya kawaida."

*

Hakimu Hilaire Jeudy alifika viatu vikiwa mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na subira, na alikataa kusema lolote mpaka aliponywa maji. Brézault alikuwa ameshalizunguka kaburi mara mbili.

"Ni nyumba," alisema. "Nyumba ya zege, juu ya ardhi yangu, kwa saruji ya wizi. Mheshimiwa, sina la kuongeza."

"Mimi ninalo," alisema Rosemène. "Swali moja. Bwana Brézault, wewe ni mwenyekiti. Saruji ile ililetwa kwa kazi gani?"

"Unaijua kazi yake."

"Mheshimiwa haijui."

Brézault alivuta pumzi. "Ukarabati wa makimbilio."

"Makimbilio ya nani?"

"Ya watu wa Mòn Tibè. Nani mwingine?"

"Basi hii hapa." Alisukuma ubao wa mnazi. "Ingieni. Mheshimiwa, nilitumwa kutafuta saruji iliyopotea. Haikupotea, haikuuzwa. Iliingia katika makimbilio ya watu wa Mòn Tibè. Kilichobadilika ni mahali. Nimewaambia watu hawa kwamba nitasema kila nilichokiona, na nimekisema. Mtunza ghala alifungua mlango bila ruhusa ya kamati. Hilo ni kosa la kazi, kamati imkaripie. Wizi niliokuja kuuchunguza sijauona."

Hakimu aliingia. Walimsikia akigonga nguzo, akikaa, akiinuka. Alitoka akijifuta shingo.

"Kuhusu binti nimekuelewa," alisema. "Kuhusu jengo, hilo ni jambo jingine. Ardhi ina mwenyewe."

"Kesho nitaleta watu wenye nyundo," alisema Brézault. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma ratiba. "Si chuki, Mama Sélitane. Nikiachia hili, mwakani mlima mzima ni wa matofali, na mimi nimebaki na kiwanja cha matope."

Mama Sélitane alinyanyuka akishika bega la Dorcé. "Mheshimiwa hakimu, naomba kuuliza. Kwenu sheria inakataza mtu kujijengea kaburi akiwa hai?"

"Haikatazi. Mimi langu lipo tayari. Mke wangu amelikosoa rangi."

"Basi hili ni langu."

Brézault alimgeukia. "Lako?"

"Langu. Mama yangu yuko pale, bibi yangu yuko pale. Nilizaliwa kwenye ua huu kabla yako. Babako alinipa ruhusa ya kuzikwa hapa, mbele ya padri, ukiwa umebebwa mgongoni. Uliza."

"Lakini nimeambiwa humu kuna mjomba!"

"Hao? Waongo wabaya, hawakuketi hata kupatana." Alimtupia Dorcé jicho. "Kaburi ni la Sélitane. Hamna jina kwa sababu mwenyewe bado anatembea."

Hakimu alijikuna kidevu. "Mama, kaburi hili lina madirisha."

"Napenda hewa."

"Lina mabenchi."

"Watu wa msiba wakae wapi? Wasimame?"

"Na mapipa ya maji?"

"Safari ni ndefu, Mheshimiwa."

Mzee wa mapacha alilazimika kuondoka kidogo. Hakimu aligeuka upande wa bahari, mabega yakimtikisika, na alipogeuka tena uso wake ulikuwa wa kazi. "Bwana Brézault, kaburi la mtu halivunjwi bila amri yangu, na mimi amri hiyo sitaitoa. Anayelimiliki akiwa hai, wageni anaowakaribisha ndani ni hiari yake. Wakija ishirini wakija mia, wakija siku ya jua wakija siku ya kimbunga, hilo si la mahakama."

Brézault alitazama chini, kwenye jengo jeupe lenye mstari wa matope, kisha akamtazama yule mkongwe.

"Na ukifa, Mama Sélitane? Siku ile utazikwa humu, na mlango utafungwa. Umelifikiria hilo?"

"Nikifa watanizika pale nje kwenye udongo, pembeni ya mama yangu. Kitanda cha zege kitaniumiza mgongo." Alivuta shali. "Lakini usinitajie kufa, Fénelon. Nimepata kazi uzeeni. Natakiwa kuishi."

Brézault aliufungua mwavuli wake, ingawa hakukuwa na jua wala mvua, akaanza kushuka. Penye lango alisimama. "Ubao huo wa mlango," alisema bila kugeuka, "hautahimili. Mnazi hupasuka. Wekeni mwembe." Akaendelea.

*

Gari la hakimu liliondoka jioni na hakimu peke yake.

Ismanie alisimama nje ya kituo, mtoto mgongoni, mikono ikiwa haijui pa kukaa. Wisler alikuwa ng'ambo ya barabara akisukumwa na vijana wanne, akipiga kelele za kuwahimiza kama nahodha. Rosemène alitaka kumpa Ismanie leso yake, akaona ilivyojaa mkaa, akairudisha mfukoni.

"Ulipanda," alisema Ismanie.

"Nilipanda. Magoti yananilaani."

"Ulimwambia hakimu?"

"Kila kitu."

Ismanie aliutazama mlima. Kutoka barabarani hapakuonekana ila miti na moshi wa jioni. "Mbele ya Brézault?"

"Alikuwa amesimama hapo. Alisikia yote, akagusa na ukuta."

Mwanamke yule aliuvuta mkono wa mtoto uliochomoza kwenye kanga ya mgongoni, akaushika kwenye kiganja chake na kuubana, kisha akauliza alichokuwa akikiogopa tangu siku alipofungua mlango wa nyuma.

"Na wamelivunja?"

"Hapana," alisema Rosemène. "Limesimama. Nenda ukalione."